Mita Kumi za Marekani

Kaa hapo kwenye kreti, jirani, nikwambie. Mwambie Mangi akupe chai, ila ujilipie mwenyewe, maana mimi hapa nimefilisiwa na mwezi. Siyo mwezi wa mshahara. Huo tumeshazoeana. Nasema mwezi wa juu, huu unaoandama.

Ilianza Jumatatu. Balaa zangu zote huanza Jumatatu. Zikichelewa foleni, Jumanne. Mwanangu wa darasa la nne karudi na barua ya shule. Ijumaa kila mtoto avae nguo za kazi atakayofanya akikua. Nikafurahi. Nikajua atasema daktari, nitaazima koti jeupe kwa yule dada wa maabara mtaa wa pili. Au atasema konda. Hapo nisingetoa hata jero, ningempa shati langu la kila siku. Mtoto kanitazama usoni bila huruma.

"Baba, mimi nitakuwa mwanaanga."

Mwanaanga! Katika ukoo wetu mzima aliyewahi kufika juu zaidi ni babu. Alikuwa juu ya mnazi. Na alishuka bila kupenda.

Kumbe picha anayo tayari, kwenye simu ya mama yake. Koti jeupe. Jina kifuani, bendera ya Marekani begani. Koti la Buzz Aldrin, yule wa Apollo 11, Julai 1969. Siyo ile suti kubwa ya kuvimba yenye kofia ya kioo. Hili ni koti la kushindia ndani ya chombo. Kama wewe unavyotoka kazini, ukatupa suruali, ukafunga msuli. Na usidhani namdharau Aldrin kwa kuwa alikanyaga mwezi wa pili baada ya Armstrong. Mimi pia ni wa pili popote, hata kwangu. Halafu Armstrong ndiye aliyeshika kamera muda mwingi kule juu, kwa hiyo picha nzuri nyingi za mwezini ni za Aldrin. Wa pili kala picha. Hilo lilinipa moyo.

Mimi kama baba nikauliza swali la baba. "Shilingi ngapi?"

Mama Watoto akasoma kwenye simu. Koti hilohilo lilipigwa mnada Sotheby's, New York, Julai 2022. Likaenda kwa dola 2,772,500. Kwa shilingi za wakati ule ni zaidi ya bilioni sita. Bilioni! Kwa koti! Na limeshavaliwa! Yaani ni mtumba, jirani. Mtumba wa daraja la kwanza, lakini mtumba.

Nikamwambia mtoto, "Tutashona."

Nikaenda kwa fundi wangu, yule wa barazani mwenye cherehani ya kukanyaga. Nikampa simu. Kavaa miwani, kavua miwani, kavaa tena.

"Mshono naushona, bosi. Kola naishona. Kitambaa gani?"

"Cheupe."

"Cheupe ni rangi. Nimekuuliza kitambaa."

Baraza zima likageuka kunitazama. Unajua baraza la fundi. Watu sita hawana nguo ya kushona hata mmoja, wamekuja kusubiri mtu aaibike, na siku hiyo riziki yao imefika kwa miguu yake. Nikasema, "Kitambaa cha kwenye hii picha, fundi." Fundi akafanya kile alichokizoea. Akaisugua skrini kwa kidole gumba na cha shahada, kama anavyopima kitambaa dukani. Simu ikaruka. Ikatokea picha yangu nimelala sebuleni, mdomo wazi, mguu mmoja ukutani. Kwa nini Mama Watoto hunipiga picha nikilala, Mungu ndiye ajuaye. Fundi akaitazama kwa makini sana.

"Hii pamba," akasema. "Imechoka."

Mpaka leo sijui alisema shuka au mimi.

Basi nikaingia Kariakoo. Duka la kwanza kijana akaangalia picha nukta moja tu. "Tetroni hiyo, mzazi." Duka la pili, "Satini." Duka la tatu, "Hii turubai, kaka, tunayo." Picha moja, simu moja, kioo kimoja chenye ufa. Watu watatu, vitambaa vitatu, na kila mmoja ameshika mkasi tayari kukata. Mimi ndiye pekee Kariakoo nzima niliyekuwa sina uhakika. Na mimi ndiye niliyekuwa na hela, kwa hiyo wote walikuwa wananipenda.

Duka la nne, mzee wa makamo, kofia ya mkono, ndevu za heshima. Nikasema hapa niwe mjanja. Nisionyeshe picha. Nitaje nchi.

"Mzee wangu, nataka kitambaa cheupe cha Marekani."

Mzee akaacha kupiga hesabu. "Marekani?"

"Marekani yenyewe."

Sauti yake ikashuka. "Ya mtoto au mtu mzima?"

Nikafikiri haraka. Mtoto anakua. Fundi wangu hukosea kukata. "Mtu mzima."

"Mwanamume?"

"Mwanamume."

"Umbo?"

"La kawaida tu. Kama mimi hivi."

Akanitazama kuanzia unyayo hadi utosi. Akatikisa kichwa pole pole. "Lini?"

"Ijumaa."

"Ijumaa siku njema," akasema, akaanza kupima. Moja, mbili, tatu. Nikataka kusema inatosha. Nne, tano. Lakini alikuwa anapima kwa upole mno, midomo inachezacheza, nikaona haya kumkatiza. Sita. Saba. Akafika kumi. Akakunja, akatia kwenye mfuko, akaongeza bunda la pamba na kipaketi kidogo. Nikajua bonasi ya mteja mpya. Nilipotoa hela akapunguza bila kuombwa. Mama mmoja aliyekuwa ananunua pazia akanishika bega, akanibana noti ya elfu mbili mkononi. "Jikaze, kaka'angu. Ndiyo njia yetu sote."

Nikasema, "Asante, kila mtu na ndoto zake." Akanitazama vibaya.

Kwenye daladala ndipo nilipofungua kile kipaketi. Kafuri! Harufu ikajaa basi zima. Dada wa pembeni akasogea, wa nyuma akafungua dirisha. Kijana wa watu akaniinukia, nikakaa peke yangu siti ya watu wawili, kutoka Kariakoo mpaka kwetu, saa kumi na moja jioni. Haijawahi kunitokea maishani. Na bado sikuelewa kitu. Niliona tu watu wa siku hizi wamekuwa na adabu.

Mama mkwe ndiye aliyenipokea. Mama yetu ni Hajjat, hana mchezo. Kuvuta pua tu, akajitupia mtandio kichwani.

"Nani katangulia?"

"Hakuna, Mama. Kitambaa cha koti la mtoto."

Akafungua mfuko. Akaona nguo, akaona pamba, akaona kafuri. "Hii marekani, mkwe wangu. Umemnunulia mwanao sanda?"

Jirani, acha kucheka, utamwaga chai. Wewe ulijua? Ulijua kweli? Haya, mimi sikujua. Mtu mzima nina kadi ya nida, nina kadi ya bima, sijui kwamba marekani ni jina la kitambaa. Nilidhani ni jina la nchi.

Uokovu ukatoka uani. Tuna mpangaji pale, mwalimu wa fizikia, anajua kila kitu duniani isipokuwa tarehe ya kulipa kodi. Akaja na kikombe chake, akakaa juu ya ndoo. Akasema aibu yangu ina historia. Nikafarijika kidogo. Si kila aibu ina historia.

Kumbe karne ya kumi na tisa majahazi ya kizungu yalikuwa yanatoka mji unaoitwa Salem, jimbo la Massachusetts, yanakuja mpaka Unguja. Mwaka 1833 Wamarekani wakafanya mkataba na Sultani Sayyid Said, na 1837 wakaleta hadi balozi mdogo wa kukaa. Wao wanachukua pembe, karafuu na sandarusi. Sisi tunachukua kitambaa cha pamba kisichopaushwa kutoka viwanda vyao. Kigumu, cha kudumu, rangi ya uji wa mtama. Kimeletwa na Wamarekani, watu wakakiita marekani. Kilikuwa ni fedha. Misafara ilikwenda bara na majora yake, ukitaka kupita kwa mtu unapima mikono kadhaa. Wamarekani walipoanza kupigana wenyewe kwa wenyewe mwaka 1861, kikaadimika. Jina likabaki.

"Kwa hiyo mzee wa dukani hakukosea," Mwalimu akasema. "Umeomba marekani, umepewa marekani."

"Lakini Aldrin kavaa nini?" nikauliza. "Maana fundi ananisubiri, na baraza lake linanisubiri zaidi."

Mwalimu akaishika simu. Akakunja uso. "Mzee, kabla ya kuuliza kitambaa, uliza hewa."

Mimi nauliza nguo, yeye ananipa hewa. Ndivyo anavyofanya hata kwenye kodi.

Akaeleza. Tarehe 27 Januari 1967, wanaanga watatu, Gus Grissom, Ed White na Roger Chaffee, walikuwa mazoezini ndani ya chombo cha Apollo kule Florida. Hawakuwa wanaruka. Chombo kimesimama, roketi haina hata mafuta. Lakini ndani walijaza oksijeni tupu, kwa shinikizo lililozidi kidogo lile la hewa ya nje. Ikatoka cheche, na inaaminika ilitoka kwenye nyaya. Ndani ya oksijeni tupu, vitu ambavyo huku kwetu vingefukafuka tu vinalipuka moto. Mle ndani kulikuwa na nyavu za naironi, kulikuwa na Velcro kila pahali, na suti zenyewe zilikuwa na naironi. Mlango ulifungukia ndani na shinikizo likaubana. Hawakutoka.

Hapo hata mimi na mdomo wangu nilinyamaza. Hajjat akasema maneno yake ya kuwaombea, ingawa hakuwajua. Mbu tu ndio walioendelea na shughuli.

Baada ya hapo, Mwalimu akasema, kila kitu kilichoingia kwenye chombo kililazimika kujibu swali moja tu: ukiguswa na moto, utafanya nini? Naironi ikafeli. Ikifika kama nyuzi joto 260 inayeyuka, inakuwa uji wa moto unaong'ang'ania ngozi. Wakaleta kitambaa kinaitwa Beta. Waliotengeneza uzi wake ni kampuni ya Owens-Corning. Na uzi huo, jirani, ni kioo.

"Kioo cha dirisha?"

"Kioo. Kimevutwa kikawa nyuzi nyembamba kuliko unywele mara zaidi ya kumi, zikafumwa kama nguo. Haziungui. Kuyeyuka, mpaka joto lipite nyuzi 650. Tabu yake, nyuzi za kioo zikisuguana zinakatika, na zikikatika zinawasha. Kwa hiyo zikapakwa Teflon."

Teflon naijua! Nikaruka kama mtoto wa darasa la kwanza. Ndiyo ile ya kikaango cha Mama Watoto, kile nilichokikwangua kwa uma, nikalala sebuleni siku mbili. Pengine ndipo ile picha ilipopigwa. Kwa hiyo mtu kaenda mwezini kavaa dirisha lililopakwa kikaango. Na koti lile la mnadani lilitangazwa kuwa la Beta. Tetroni, satini, turubai, wote wamekosa. Nikatamani kurudi Kariakoo usiku ule ule kuwatukana, lakini nauli.

"Sasa Mwalimu," nikasema, "mtu akiwa na picha tu, anajuaje?"

Akanifundisha. Nakupa bure, mimi imenigharimu kodi ya mwezi mmoja aliyoniomba nimvumilie hapo hapo.

Kwanza, mng'ao. Naironi inarudisha mwanga. Kila mkunjo utaona una mstari mweupe juu yake, kama mafuta kwenye sahani. Nomex, ile ya suti za marubani na madereva wa mashindano ya magari, imefubaa, inameza mwanga. Pili, mikunjo. Pamba hukunjamana mikunjo midogo midogo mingi, kama uso wangu kuanzia tarehe kumi na tano. Naironi nyepesi huvimba mavimbe makubwa laini. Kitambaa cha kioo kinasimama kikavu, kinakunjika kama karatasi. Tatu, usiiamini rangi. Rangi ya picha si rangi ya nguo. Picha ya filamu ina matabaka matatu ya rangi, na kila tabaka hufifia kwa mwendo wake.

Mama Watoto akapaza sauti kutoka jikoni. "Ndiyo maana suti yake ya harusi kwenye albamu imekuwa zambarau."

Hakuna aliyemuuliza.

"Na nne," Mwalimu akasema, "ndiyo kubwa kuliko zote. Tafuta mwaka. Ukijua mwaka utajua chombo, ukijua chombo utajua hewa, ukijua hewa kitambaa umekipata nusu."

Nikaona hilo jepesi. Nikamwomba anipe mtihani. Kiherehere changu hiki, jirani, kitanizika kabla ya siku, na sanda ninayo.

Akanionyesha picha ya kwanza. Watu wamevaa suti za fedha, zinameremeta kama sinia la biriani. Nikasema bati. Kumbe ni wanaanga wa Mercury, miaka ya mwanzo ya sitini, naironi iliyopakwa alumini. Sifuri.

Picha ya pili. Watu ndani ya chombo kipana, makoti ya rangi ya kahawia ya dhahabu. Hapo nikatabasamu. Nimeshafundishwa mimi. "Hii ilikuwa nyeupe, picha imefifia." Nikakunja nne kabisa.

"Hapana. Hiyo ndiyo rangi yake."

Skylab, mwaka 1973. Kituo kikubwa cha angani, makundi matatu ya watu watatu watatu, la mwisho likakaa siku 84. Hewa yao bado ilikuwa na oksijeni kama asilimia sabini, kwa hiyo moto bado wanauogopa. Wakavaa kitu kinaitwa PBI. Jina lake kamili Mwalimu alilitamka, likachukua muda wa kuchemsha chai. Hakiungui kirahisi, hakiyeyuki, hakidondoki, na uzi wake wenyewe kwa asili una rangi ile, kama chapati iliyoiva vizuri. Siku hizi kimo kwenye makoti ya zimamoto. Yaani siku niliyoambiwa nisiiamini rangi, rangi ndiyo iliyokuwa jibu. Hii ndiyo elimu niliyoikimbia nikiwa kidato cha pili.

Picha ya tatu. Bluu. Wanaanga wa chombo cha Shuttle, kilichoanza kuruka Aprili 1981. Sasa nikawa mwangalifu. Nikakuza picha. Nikakuza tena mpaka nikaona vidoa vya mraba. Nikatafuta mng'ao, hakuna. Nikasema, "Nomex."

"Au pamba," akasema Mwalimu. Shuttle ilikuwa na hewa kama hii tunayovuta hapa, shinikizo kama la pwani, oksijeni sehemu yake ya kawaida. Hofu ya moto ikapungua, fulana na suruali za pamba zikarudi kazini. Lakini wanaanga hao hao wakiwa duniani waliruka na ndege za mafunzo za T-38, na huko walivaa suti za bluu za Nomex. Bluu na bluu. Kwenye picha ni mapacha, mama yao tu anawajua.

"Kwa hiyo jibu ni lipi?"

"Jibu ni kiberiti," akasema.

Angenyamaza hapo, jirani. Angenyamaza tu. Lakini akaeleza. Wenye vitambaa halisi mkononi huchomoa uzi mmoja kutoka kwenye mshono wa ndani na kuuwasha. Pamba inanukia karatasi, inaacha jivu laini. Sufu inanukia nywele. Naironi na jamaa zake wa polista wanayeyuka, wanaacha kishanga kigumu. Nomex inakuwa mkaa, na ukiondoa moto inazima. Kioo kinakutazama tu. Lakini nani atakuruhusu uwashe kiberiti kwenye koti la bilioni sita? Ndiyo maana watu wanabaki na picha.

Mimi nikakumbuka nina nguo ya thamani ndani. Suti yangu ya harusi. Aliyeniuzia aliapa kwa marehemu mama yake ni sufu tupu ya Uingereza. Miaka kumi na saba nimeringa nayo. Nimeivaa joto la Februari, nimetoka jasho mpaka viatuni, nasema ni sawa, ndiyo ubora wa sufu. Wakwe wamenikubali kwa ajili ya ile suti. Nikaileta uani. Nikachomoa uzi kwenye pindo la suruali. Nikawasha, nikanusa, nikisubiri nywele.

Ikanukia ndoo.

Uzi ukajikunja, ukayeyuka, ukaacha kishanga cheusi. Kikadondoka kwenye suruali yenyewe, kikatoboa kitundu. Hajjat akanitazama. Akamtazama binti yake. Miaka kumi na saba ikapita machoni mwake pole pole, kama treni ya mizigo.

"Polista," Mwalimu akasema taratibu, kama daktari.

Kwa kunihurumia akabadilisha mada. Akasema kitambaa cha kioo kilichopakwa Teflon hakikuishia kwenye suti. Watu wa majengo wakaona, kama kinahimili huko, kitashindwa na jua? Wakakifanya kizito zaidi, wakakiezekea. Pale uwanja wa ndege wa Jeddah, sehemu ya mahujaji iliyofunguliwa 1981, yamefungwa mahema 210 ya kitambaa cha jamii hiyo.

Hajjat akaweka kikombe chini. "Yale mahema meupe? Marefu, yana tundu juu kileleni?"

"Hayohayo, Mama."

"Nimekaa chini yake mimi! Jua linawaka nje, ndani kivuli baridi kabisa. Nimekula na tende pale." Akanigeukia. "Wewe umezunguka Kariakoo nzima unakitafuta. Ungeniuliza."

Ningemuuliza nini, jirani? "Mama, hivi katika safari zako umewahi kukaa chini ya suruali ya mwanaanga?" Lakini ndiyo hivyo. Kwenye nyumba yetu kuna mtu mmoja aliyewahi kufunikwa na kitambaa ndugu wa kile cha mwezini, na si mimi. Mimi nina mita kumi za sanda na suti yenye tundu.

Kulikuwa hakuna muda tena. Ilikuwa Alhamisi. Nikampelekea fundi marekani. Hakuuliza kitu. Akashika pembe kwa vidole viwili, nukta mbili tu. "Marekani. Nani kafariki?" Baraza zima likavua kofia. Nikaeleza. Baraza likavaa kofia, likacheka mpaka mmoja akaanguka kwenye benchi. Lakini fundi ni fundi. Mita mbili tu akatoa koti, na bendera akaitoa kwenye kipande cha kanga kuukuu.

Ijumaa asubuhi mtoto kavaa. Ndani ya nyumba alionekana kama mpika maandazi. Sikusema kitu. Nikamsimamisha uwanjani kwenye jua la saa tatu, nikapiga picha kwa simu yangu hii yenye ufa.

Jirani, njoo uone mwenyewe. Jua limeipiga ile nguo mpaka uji wa mtama umekuwa theluji. Nyuzi hazionekani. Wanga wa dukani ulikuwa haujatoka, kwa hiyo mikunjo imesimama mikavu kama karatasi. Mng'ao hakuna. Nikaiweka kando ya ile ya Aldrin, nikampelekea Mwalimu bila maelezo. Akakaa nayo muda mrefu. Akauliza, "Ya kulia ni ya mwaka gani?"

Nikaitupia kwenye grupu la wazazi. Mzazi mmoja, yule mwenye gari, ambaye huwa hajibu salamu zangu, akaandika: "Koti kali sana. Kitambaa cha wapi hicho?"

Nikajibu neno moja. "Marekani."

Akaandika, "Umeagiza?" Nikaacha tiki zikawa za bluu. Sikusema uongo, na hiyo kwangu ni mara ya kwanza kusema kweli na kuonekana tajiri.

Nikarudi ndani kifua mbele. Nikamkuta Mama Watoto anakunja zile mita nane zilizobaki. Anazikunja vizuri, kona kwa kona, na pamba yake, na kafuri yake, anaziweka kabatini rafu ya juu. Nikamwambia hizo zinafaa foronya, au pazia la dirisha la uani.

"Ziache," akasema.

"Za nini sasa?"

Akanitazama kuanzia unyayo hadi utosi, vilevile kama yule mzee wa dukani.

"Mita mbili umezipunguza," akasema, "lakini wewe mwembamba. Zitatosha."